Bega Halikaushwi Kama Mti

Maji ya bomba hufika mtaa wa Pipeline, Embakasi, siku mbili kwa wiki. Hufika chini, kwenye tangi la uani. Juu hayapandi. Anayekaa ghorofa ya sita huyafuata huko chini na kuyapandisha kwa miguu yake mwenyewe.

Ndivyo walivyoishi Mativo na mkewe Nzembi kwa miaka kumi na mmoja. Siku ya maji, kabla ya kwenda kazini, Mativo alipandisha mitungi ya lita ishirini, miwili miwili. Kisha alivaa koti, akaenda kwenye kiwanda cha wachongaji karibu na Barabara ya Jogoo. Huko alikaa chini mbele ya gogo lake, akabana kipande cha mti kwa nyayo zake, akashika tezo. Tezo ni kishoka kidogo chenye makali yaliyolala kama ya jembe. Mchongaji huiinua juu ya bega na kuishusha, huiinua na kuishusha, mpaka jioni. Twiga, kifaru, kijiko cha saladi, vyote hutoka begani.

Jengo lao lilikuwa limebanwa na majengo mengine, ukuta kwa ukuta. Hata saa tatu asubuhi, ngazini kulikuwa na giza. Balbu iliungua mwaka juzi. Chuma cha kushikilia hakikuwekwa tangu jengo lisimame. Lakini rangi ya nje ilipakwa kila Krismasi, ili wapita njia waone jengo zuri.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, Mativo alikanyaga maji yaliyomwagika kwenye ngazi za ghorofa ya nne. Mikono yote miwili ilikuwa na mitungi. Hakukuwa na cha kushika hata kama mikono ingekuwa mitupu. Alianguka kwa bega la kulia, na bega likatoka mahali pake.

Hospitalini walimpiga picha. Mfupa haukuvunjika. Daktari alilirudisha bega, akauning'iniza mkono kwa kitambaa shingoni.

"Kitambaa hiki ni cha wiki tatu tu," daktari alisema. "Baada ya hapo uje chumba cha fizio, kwa wataalamu wa viungo. Watakufundisha mazoezi. Usikose."

Mativo aliitikia kwa kichwa. Maumivu yalikuwa yamemziba masikio.

Siku ya nne Munyao alikuja kumjulia hali. Munyao alikuwa mwenyekiti wa wachongaji. Alileta unga na sukari, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akihema kwa sababu ya zile ngazi.

"Tezo yako tumeilaza juu ya gogo lako," alisema. "Hakuna atakayekaa hapo."

"Asante, Mwenyekiti."

"Lakini sheria unaijua."

Mativo aliijua. Mchongaji akiugua, gogo lake humngoja miezi minne. Kabla ya miezi hiyo kwisha, lazima aje mbele ya kamati apige gogo mapigo kumi kwa tezo, waone mkono umepona. Akishindwa, gogo hupewa mwingine. Watu wanaongoja gogo pale kiwandani ni wengi kuliko magogo.

"Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano," Munyao alisema.

"Najua. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kamati tulipowaondoa wengine."

"Basi sina la kukuongezea."

Munyao alipoondoka, Mativo alikaa akiliwaza bega lake. Aliliwaza kwa njia aliyofundishwa na baba yake huko kijijini Wamunyu. Mti mbichi hauchongwi. Ukiuchonga mbichi hupasuka. Huwekwa kivulini, haupigwi jua, hauchezewi, hata miezi sita. Ukikauka vizuri, ndipo tezo huingia.

"Bega lililotoka ni bichi," alimwambia mkewe. "Likichezewa litapasuka. Liache likauke."

"Likauke?" Nzembi alishika kiuno. "Kwani unataka kuwa kuni?"

"Mama Mwongeli, usinicheke."

"Daktari alisema wiki tatu, Baba Mwongeli."

"Daktari ana kazi yake. Mimi na mti tunajuana."

Akachukua leso ya mkewe, akaifunga juu ya kile kitambaa, mkono ukabanwa kifuani kama mtoto mgongoni. Alioga nao ukiwa umefungwa. Alilala nao. Wiki ya tatu ikaja ikapita. Chumba cha fizio hakwenda. Na pale hospitalini, hakuna aliyeuliza mbona hajaja. Mwongeli, binti yao aliyekuwa akifanya kazi Kitui, alipiga simu mara mbili akimsihi aende. Mativo alimjibu, "Niko sawa, napumzika."

Wiki nane zilipita hivyo.

Jumapili moja ya mwezi wa nne alisema leo ndiyo leo. Alifungua leso. Akafungua kitambaa. Alitaka kuvaa shati lake la kanisani kama mtu mzima.

Mkono ulishuka ubavuni. Ulipanda kidogo. Ukakwama.

Alijaribu tena. Ulikwama palepale, kama mlango uliovimba kwa mvua. Maumivu yalimchoma kutoka shingoni hadi kwenye kiwiko. Aliligusa bega kwa mkono wa kushoto. Nyama ilikuwa imeisha. Alishika mfupa.

Nzembi alimkuta ameketi kitandani, mkono mmoja ndani ya shati, mwingine nje.

"Haupandi," Mativo alisema. "Nimeukausha, na sasa haupandi."

Nzembi hakusema "nilikuambia." Alimvalisha shati, akamfunga vifungo kimoja kimoja.

Kesho yake walikuwa hospitalini mapema. Walikaa kwenye foleni ya fizio mpaka saa nane. Watu wa mitaa ya Embakasi ni wengi kama mchanga: wafungasha mizigo, wapishi wa mahindi, akina mama waliobeba maji maisha yao yote. Wote wana migongo na magoti na mabega. Na mafizio wa hospitali hiyo walikuwa wawili. Mmoja wao alikuwa likizo.

Aliyebaki aliitwa Winny. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Makongeni, binti wa mfanyakazi wa reli. Alikuwa na sauti ya mwalimu wa kwaya.

"Mzee, mkono huu umefungwa tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili, daktari."

"Nani alikuambia uufunge muda wote huo?"

Mativo aliona haya. Lakini alimweleza habari ya mti mbichi, kivuli na kukauka. Winny hakucheka.

"Mti ukikatwa umekufa, mzee. Wewe uko hai. Kitu kilicho hai kisiposogea hushikana. Hapa ndani ya bega kuna kitu kama mfuko, umezunguka kiungo. Usipousogeza hujikunja, ukawa mgumu. Na nyama isiyofanya kazi huisha. Ndiyo maana uliambiwa wiki tatu."

"Kwa hivyo nimejiharibu mwenyewe."

"Umejichelewesha. Na sisi tumekuchelewesha. Wiki ya nne mtu wa hapa alipaswa kukupigia simu. Hakuna aliyepiga."

Alichukua rula ya plastiki yenye miguu miwili, akaipima pembe ya mkono.

"Unainuka nyuzi arobaini na tano. Mkono mzima hufika mia na themanini, juu kabisa, kama mtu anayejisalimisha kwa polisi."

"Na tezo?"

"Nionyeshe kwa mkono mzima unavyoiinua."

Mativo aliinua mkono wa kushoto. Winny alipima.

"Mia na ishirini hivi. Na lazima uwe na nguvu hapo juu, si kufika tu."

"Nina mpaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano. Nisipopiga gogo mara kumi, nafasi yangu ya kazi imekwenda."

"Siwezi kukuahidi hilo," Winny alisema. "Sitakudanganya."

"Basi nije kila siku."

"Ningependa. Lakini tazama hiyo foleni. Nafasi yako ijayo ni baada ya wiki tatu. Bega haliwezi kungoja wiki tatu, linataka mazoezi mara tatu kwa siku." Akamgeukia Nzembi. "Ana simu ya kugusa?"

"Anayo," Nzembi alisema. "Kazi yake ni kutazama mpira."

"Sasa itafanya kazi nyingine."

Winny aliiunganisha simu na mtandao wa hospitali, ili wasitumie bando lao. Akaweka programu ndogo, akaichagulia lugha ya Kiswahili, akawaonyesha polepole. Palikuwa na video ya mwanamke akifanya zoezi. Palikuwa na kengele ya kukumbusha. Ukishika simu kwa mkono unaouma na kuuinua, inapima umefika nyuzi ngapi. Ukimaliza, inakuuliza maumivu ni kiasi gani, kutoka sufuri hadi kumi.

"Kila Ijumaa namba hizo zinanifikia mimi hapa," Winny alisema. "Nikiona unaenda vizuri, nafungua hatua inayofuata. Nikiona vibaya, nakupigia."

"Inapiga picha nyumba yangu?" Nzembi aliuliza.

"Hapana, mama. Nimeizima kamera, na ukiulizwa kama unakubali kamera au majina ya watu wako, bonyeza kataa. Mnaona? Hapa. Na mtu yeyote akiwatumia programu nyingine ya bega, msiiweke kabla ya kuniuliza. Ziko nyingi. Nyingine zinauza mafuta, nyingine zinaahidi utapona siku saba."

Mativo aliigeuza simu mkononi. "Na kama mtu hana simu kama hii?"

"Nina mazoezi hayohayo kwenye karatasi, na picha zake. Anaomba tu. Sasa sikiliza, mzee, hili ndilo kubwa. Maumivu yakiwa mpaka tatu, endelea. Nne au tano, punguza. Zaidi ya hapo, simama. Ukipata ganzi mkononi, au uvimbe, au homa, au bega likitoka tena, usiulize simu. Njoo hapa, au hospitali yoyote iliyo karibu. Simu haina mikono."

Walianza jioni hiyohiyo. Zoezi la kwanza, Mativo aliinama akishika meza kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukaning'inia kama kamba ya kisima, akauzungusha taratibu. La pili, vidole vilipanda ukutani kama buibui, hatua kwa hatua. La tatu, alishika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, mkono mzima ukausukuma mgonjwa juu.

Nzembi alichora alama ukutani kwa penseli pale vidole vilipofika.

Sauti ya yule mwanamke wa kwenye simu ilikuwa nyororo. *Vuta pumzi. Taratibu. Umefanya vizuri.* Kengele ilipolia, Nzembi aliita kutoka jikoni, "Baba Mwongeli, mke mwenzangu anakuita!"

"Mwambie naja. Yeye hapigi kelele kama wengine."

"Basi akupikie ugali."

Lakini kicheko kilikuwa kidogo katika nyumba hiyo. Mvua ya masika ilinyesha siku baada ya siku. Nguo hazikukauka. Sasa Nzembi ndiye aliyepandisha maji, mtungi mmoja mmoja, akipumzika kila ghorofa. Siku moja alimfuata Kweyu, mtunza jengo, ambaye wapangaji walimwita keateka.

"Kweyu, mume wangu amevunjikiwa na maisha kwenye ngazi zenu. Mtaweka lini chuma cha kushika? Hata balbu moja?"

"Mama, nilimwambia landilodi."

"Na mwenye jengo akasema nini?"

Kweyu alitazama viatu vyake. "Alisema mwende polepole."

Hivyo ndivyo watu hujibiwa. Babu zao waliokuja mjini kujenga reli walijibiwa hivyo pia, na hakuna aliyeandika majina ya walioanguka.

Mwisho wa wiki ya tatu ya mazoezi mkono ulifika nyuzi sabini na tano. Winny alipima kwa rula yake, ikalingana na simu. Mativo alitoka hospitalini akiwa na uso uliofunguka kidogo.

Kisha Munyao akapiga simu.

"Nimekupigia kwa sababu ya urafiki," alisema. "Kuna mtu amekuja mara mbili kulitazama gogo lako. Leo amekaa mbele yake, ajaribu kimo chake. Nilimwinua. Lakini jitahidi, ndugu yangu."

Mativo alikata simu. Alihesabu siku zilizobaki, zilikuwa chache. Hatua ya pili ilikuwa kuvuta utepe wa mpira, na bila mpira hakuna nguvu, na bila nguvu hakuna tezo. Winny hangeifungua mpaka maumivu yapungue. Jioni hiyo mkono ulimuuma sana. Simu ikamuuliza: maumivu ni kiasi gani? Kwa kweli ilikuwa sita.

Akabonyeza moja.

Kesho yake akabonyeza moja tena. Siku kumi alibonyeza moja. Ijumaa Winny aliona namba nzuri, akafungua hatua ya pili. Mativo alifunga mpira kwenye kitasa cha mlango, akavuta mara thelathini pale alipoambiwa kumi. Mchongaji hufundishwa hivyo: mti ukikataa, ongeza nguvu.

Siku ya tatu ya mpira, kitu kiliwaka ndani ya bega kama kaa la moto. Asubuhi yake mkono haukufika hata nyuzi hamsini. Bega lilikuwa limevimba.

Nzembi alimwona akivaa soksi kwa mkono mmoja, machozi yakimtoka. Alichukua simu, akatafuta mahali pa namba. Moja. Moja. Moja.

"Moja?" alisema. "Jana ulipiga kelele nilipokugusa na sahani. Unamdanganya nani, Baba Mwongeli? Simu haiumwi."

Mativo aliivuta soksi mpaka kisiginoni.

"Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi sijajiandaa kwa kilio." Akavaa viatu. "Bega limevimba. Winny alisema likivimba twende. Simama."

Winny aliwapokea katikati ya wagonjwa wengine. Alilibonyeza bega huku na huku, akaufuata mshipa kwa kidole. Alimwuliza kuhusu ganzi. Ganzi haikuwepo.

"Hakijakatika kitu. Umelichokoza likakasirika," alisema. Kisha akamtazama Mativo machoni. "Mzee, mimi sikuoni ukiwa nyumbani. Naona namba unayoandika. Ukiandika moja, nafungua mlango. Umenitumia mimi kujiumiza."

Maneno hayo yalimuuma Mativo kuliko bega.

"Nisamehe, binti yangu."

"Sitaki msamaha. Nataka sita ikiwa sita. Namba mbaya ndiyo inayonisaidia. Namba nzuri ya uongo haina kazi." Alirudisha programu kwenye hatua ya kwanza. "Tumepoteza wiki mbili. Ijumaa yako ikifika hutakuwa tayari. Usipige kitu chochote kwa mkono huu mpaka nikuambie. Ukipiga kabla ya wakati, unaweza kukata kile ambacho leo hakijakatika. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Tangu siku hiyo aliandika ukweli. Tano. Tano. Nne. Siku ya mvua kubwa, sita, na akasimama palepale. Nzembi alisimama nyuma yake akitazama kidole chake. Alama za penseli ukutani zilirudi chini, halafu zikaanza kupanda tena, nyembamba, karibukaribu.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano ilifika. Mkono ulikuwa nyuzi mia na tano.

Kiwandani mvua ilipiga mabati. Kamati ya watu saba ilikaa kwenye benchi, Munyao katikati. Kati ya hao saba mwanamke alikuwa mmoja tu, Ndunge, msimamizi wa wapiga msasa, wanaolainisha vinyago. Nyuma yao walisimama wachongaji wengine, na pembeni yule mtu aliyekuja kulitazama gogo. Alikuwa mtu mpole, mwenye watoto. Hakuwa na kosa lolote isipokuwa kuhitaji kazi.

Gogo lilikuwa katikati. Tezo ilikuwa juu yake, imeshika vumbi la miezi minne.

"Mapigo kumi, Mativo," Munyao alisema.

Mativo aliishika tezo. Mpini ulikuwa umelika kwa vidole vyake mwenyewe, ulimkaa vizuri. Alihisi kwamba angeweza. Angeuma meno, aibebe kwa mgongo na nyonga, mapigo yafike kumi. Wangepiga makofi. Gogo lingebaki lake mpaka Jumatatu, bega likakatika Jumanne.

Akairudisha tezo juu ya gogo.

"Sipigi."

Watu walinong'ona.

"Ndugu yangu," Munyao alisema kwa sauti ya chini, "usinilazimishe kufanya hili."

"Sikulazimishi. Naomba mtazame hapa kwanza." Alitoa simu, akampa. Kwenye kioo palikuwa na mstari unaopanda kama ngazi, na chini yake tarehe. "Mwezi wa nne nilikuwa arobaini na tano. Leo ni mia na tano. Tezo inataka mia na ishirini, na nguvu juu yake. Kila siku imeandikwa. Hamhitaji kuniamini mimi. Kuna barua ya fizio pia."

Simu ilipita mkono kwa mkono. Hao walikuwa watu wa kipimo. Twiga akizidi upande mmoja kwa unene wa ukucha, wao huona. Waliutazama ule mstari kwa makini.

"Hapa umeporomoka," mmoja alisema. Aliitwa Otiende, mchongaji wa vinyago vya kiboko. "Ulianguka tena?"

"Hapo nilidanganya. Niliiambia simu bega haliumi."

Wengine walicheka. Otiende hakucheka.

"Simu haichongi," alisema. "Leo tukimpa huyu muda, kesho kila mtu atakuja na mstari wake. Sheria ni kumi. Na huyu jamaa anayengoja tutamwambia nini?"

Wengine wawili waliitikia. Munyao aliinamisha kichwa. Ikaonekana mambo yamekwisha.

Ndipo Ndunge akasimama. Nywele zake na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga wa mti.

"Mume wangu Mutiso alipiga kumi," alisema. "Hapa hapa. Mnakumbuka?"

Otiende aligeuza uso kuelekea kwenye mvua.

"Bega lake lilikuwa halijapona. Alipiga kumi kwa sababu mlimwambia kumi. Mkapiga makofi. Alifika nyumbani akatapika kwa maumivu. Akachonga miezi mitatu, bega likafa kabisa. Leo namlisha kwa kijiko, maana kwa mkono wa kushoto humwaga. Kijiko alichokichonga mwenyewe." Aliwatazama mmoja mmoja. "Miaka sita napiga msasa nikilitazama gogo lake. Kati yenu mliopiga makofi, nani amekuja kumwona?"

Mvua iliendelea kupiga mabati. Mativo alitazama chini. Siku ile ya Mutiso, naye alikuwa kwenye benchi. Alikumbuka vizuri viganja vyake vilivyouma kwa makofi.

"Fizio wako anasema wiki ngapi?" Munyao aliuliza mwishowe.

"Sita. Kisha nianze kwa dakika chache kwa siku."

"Wanaokubali apewe wiki sita, waonyeshe mikono."

Mkono wa Ndunge ulikuwa wa kwanza. Ukafuata mmoja. Ukafuata wa pili. Mitatu. Otiende na wenzake wawili walikunja yao kifuani. Munyao aliwatazama wa upande huu na wa upande ule. Kisha polepole akainua wake.

Minne kwa mitatu.

Yule mtu aliyekuwa akingoja alivaa kofia yake, akatoka kwenye mvua. Mativo alimtazama mpaka akapotea langoni. Furaha aliyoingojea miezi minne haikuja vile alivyodhani.

Jumapili iliyofuata yeye na Nzembi walikwenda kumwona Mutiso. Bega la Mutiso halingefufuka, Winny alimpima baadaye akawaambia hivyo. Lakini kiwiko na vidole vilikuwa bado na uhai. Ndunge hakuwa na simu ya kugusa, kwa hivyo Winny aliwapa karatasi yenye picha. Ndunge aliibandika ukutani juu ya kitanda.

Wiki sita zilipita, mara tatu kwa siku, namba za kweli. Katikati ya mwezi wa saba Winny alipima nyuzi mia na arobaini. Alimshika mkono akausukuma chini, na mkono ukamkatalia.

"Sasa chonga," alisema. "Dakika ishirini kwa siku, wiki ya kwanza. Weka saa ya simu. Ikilia, acha."

Jumatatu asubuhi Mativo alivaa shati mwenyewe. Alifika kiwandani, akafuta vumbi kwenye gogo, akakaa. Hakuna aliyetaja mapigo kumi. Alichagua kipande cha mti wa jakaranda, cha kijiko tu. Aliweka saa, akainua tezo. Ilipanda. Iliposhuka, bega liliuma kidogo, maumivu ya mbili, akaendelea.

Otiende, kwenye gogo la jirani, alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho.

Simu ililia. Kijiko kilikuwa hakijawa kijiko. Kilikuwa kimetoka magome tu, upande mmoja. Mativo aliilaza tezo, akaanza kukusanya vibanzi.

"Tayari?" Otiende alisema. "Miezi mitano nje, halafu dakika ishirini? Umechoka?"

"Sijachoka," Mativo alisema. "Ndiyo maana naacha."